Nguvu za Gari kwa Bei Rahisi: Mwongozo kwa Dereva Kijana

Magari mengi yanayoendeshwa na vijana wa Tanzania na Kenya yalitoka Japani yakiwa yameshatumika: Toyota Vitz na IST, Mazda Demio, Nissan March, Subaru Impreza na Forester. Kijana hununua la kwake kwa akiba ya miaka, au huachiwa na mzazi ama kaka. Miezi michache ikipita huanza kuliona zito. Likipanda mlima linapumua, likitaka kulipita lori linajivuta. Hapo ndipo anapokutana na vitu vinavyoahidi kuiamsha injini kwa bei ndogo: chipu ya kuchomeka chini ya dashibodi, ea klina yenye umbo la uyoga, ekzosi ya kunguruma, springi zilizokatwa. Baadhi ya vitu hivi havifanyi kazi yoyote, vingine hupunguza nguvu badala ya kuziongeza, na vichache huhatarisha maisha. Ziko pia njia za gharama ndogo zinazofanya kazi kweli, ila hazing'ai na hazipigi kelele.

Nguvu hutoka wapi

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma hewa na mafuta kwa pamoja. Mchanganyiko unaoungua vizuri una takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kuongeza mafuta ni jambo jepesi, kwani nozeli zikichelewa kufunga, mafuta yanaongezeka. Kazi iko kwenye hewa. Silinda ina ukubwa wake, na haiwezi kuvuta hewa zaidi ya nafasi iliyomo. Ili hewa iongezeke, ama injini iwe kubwa zaidi, ama izunguke kasi zaidi, ama hewa isukumwe ndani kwa nguvu, na hiyo ndiyo kazi ya tabo. Njia zote tatu ni za gharama. Kifaa kisichogusa kiasi cha hewa wala wakati wa kuwaka kwa plagi hakina pa kutolea nguvu.

Hewa hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam huonekana limechoka likifika Mbeya au Nairobi. Miji hiyo iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza huko karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Huo si ugonjwa, na hakuna chujio wala chipu inayoweza kuutibu.

Uzito nao una hesabu yake. Toyota IST ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ilikuwa na injini ya lita 1.3 yenye nguvu farasi 87 hivi, au ya lita 1.5 yenye 109, na uzito wa karibu tani moja. Kwa gari kama hilo, nyongeza ya asilimia 5 ya nguvu ni farasi wanne au watano. Abiria mmoja mwembamba akipanda, nyongeza yote imekwisha.

Chipu, sumaku na feni

Chipu ya kuchomeka huuzwa mitandaoni kwa dola chache. Huingizwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, ileile ambamo fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Soketi hiyo ina pini 16. Pini ya 16 hupeleka umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni za ardhi, na katika magari yenye mfumo wa mawasiliano wa kisasa, taarifa hupita kwenye pini ya 6 na ya 14. Kifuniko cha chipu za namna hii kikibanduliwa, mara nyingi hukutwa kibao kidogo chenye taa mbili tatu zinazomweka, huku pini za mawasiliano zikiwa hazina njia ya kutuma chochote. Umeme umefika, taa zinawaka, na kontroli boksi ya injini haijui kwamba kuna mgeni.

Aina ya pili ni kipande kidogo cha kuongeza ukinzani wa umeme kinachounganishwa kwenye waya wa sensa ya joto la hewa. Kipande hicho huidanganya kontroli boksi iamini kwamba hewa inayoingia ni ya baridi, ili iongeze mafuta. Hewa yenyewe haijaongezeka. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hugundua kwamba mafuta yamezidi na kontroli boksi huyapunguza tena. Mahali ambapo haiwezi kurekebisha, gari hunywa mafuta zaidi na plagi huingia masizi.

Sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na feni ndogo za kutia kwenye bomba la hewa zina historia ndefu. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vilivyodai kuokoa mafuta, na halikupata hata kimoja kilicholeta nafuu kubwa. Feni ya kwenye bomba huleta na hatari yake: skrubu yake ikilegea, inaweza kuvutwa ndani ya injini.

Ea klina ya uyoga

Ea klina ya kiwandani hukaa ndani ya boksi, na boksi hilo huvuta hewa ya nje kupitia bomba lililoelekezwa mbele ya gari. Chujio la uyoga hubaki wazi katikati ya boneti. Mlio wa injini hubadilika papo hapo, na mlio huo ndio unaomfanya dereva aamini kwamba gari limepata nguvu. Lakini kwenye foleni ya Dar es Salaam, hewa ya nje ikiwa na nyuzi joto 32, hewa iliyofungiwa chini ya boneti inaweza kufika 60. Hewa ya moto ni nyepesi, na tofauti hiyo peke yake huondoa takribani asilimia 8 ya uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda. Gari linanguruma zaidi lakini linavuta kidogo kuliko lilivyokuwa likivuta mwanzo, yaani, hasara.

Vumbi ni hasara ya pili. Machujio mengi ya bei rahisi hupitisha chembe ambazo chujio la karatasi lingezikamata, na barabara za vumbi haziishi katika nchi hizi. Vumbi hukwangua kuta za silinda na ringi za pistoni. Chujio linalopakwa oili, likizidishiwa oili hiyo, huchafua sensa ya kupima hewa, na injini huanza kukosa.

Ekzosi, masega na milipuko

Kukata sailensa hubadilisha mlio. Kwa injini ndogo isiyo na tabo, nguvu inayopatikana ni kidogo mno, na pengine mvuto wa mwendo wa chini hupungua, ule hasa unaohitajika kuondokea kwenye taa na kupandia mlima.

Kinachoumiza zaidi ni kung'oa kisafisha moshi, ambacho mafundi wengi hukiita masega kwa sababu ndani yake kuna vitundu kama vya sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na ndiyo sababu kuna fundi anayejitolea kuyatoa bure. Masega mazima hayazuii nguvu kwa kiasi cha kuhisiwa kwenye gari la kawaida. Yakitolewa, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi na moshi wenye sumu ya kaboni monoksidi huongezeka. Masega yaliyoziba ni jambo jingine: hayo huliua gari nguvu kweli, na dawa yake ni kuweka mengine mazima, baada ya kutafuta kilichoyaziba.

Mtindo wa kufanya ekzosi ilipuke kama bunduki dereva anapoachia mafuta hupatikana kwa kuiprogramu kontroli boksi iendelee kumwaga petroli na kuchelewesha plagi, ili mafuta yaungulie nje ya silinda. Hakuna nguvu inayoongezeka hapo. Kinachoongezeka ni joto kwenye vali za kutolea moshi, kwenye tabo na kwenye masega.

Tabo na programu mpya

Kubadilisha programu ya kontroli boksi ni kazi halali ikifanywa na fundi anayeijua, akiwa na mashine ya kupima nguvu na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kwenye injini isiyo na tabo matokeo yake ni madogo. Kwenye injini yenye tabo huwa makubwa, na hapo ndipo vijana wengi wenye Subaru huingia mtegoni.

Subaru za tabo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kutumia petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake huwa karibu 100. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujiwasha yenyewe kabla ya wakati. Petroli ya kawaida ya vituo vya Afrika Mashariki iko chini ya hapo. Gari hilo, hata bila kuguswa, tayari linaendeshwa karibu na mpaka wake. Mwenye gari akifungua presha ya tabo kwa vali ya bei rahisi ya kukunja kwa mkono, petroli hujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini hugonga, mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, na kila pigo hutua juu ya pistoni. Sehemu nyembamba ya pistoni inayoshika ringi huvunjika. Kinachofuata ni moshi wa bluu, kisha injini nzima.

Kwa gari lisilo na tabo kama Vitz, petroli ya oktani ya juu kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari haiongezi kitu. Kuifungia tabo ya mtumba injini ambayo haikutengenezwa kwa tabo, bila kubadilisha pistoni, nozeli, mfumo wa kupoza na programu, ni kuinunulia injini siku ya kufa.

Springi, rimu na taa

Springi iliyokatwa kwa grainda hulishusha gari kwa gharama ya nauli, lakini hubaki na nafasi ndogo ya kucheza huku ikiwa ngumu zaidi. Shokapu iliyopangiwa springi ndefu haiwezi kuituliza. Gari likiruka tuta, gurudumu huning'inia na springi fupi inaweza kutoka kwenye kiti chake. Pembe za matairi nazo hubadilika, na matairi huliwa upande wa ndani ambako dereva haoni. Anayetaka kushusha gari anapaswa kununua springi na shokapu zilizotengenezwa kwa pamoja kwa ajili ya gari hilo, kisha kufanya alaimenti.

Maandishi ya ubavuni mwa tairi yanajieleza. Katika 185/65R15, tairi lina upana wa milimita 185, kimo cha ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Kimo cha gurudumu zima ni kama sentimita 62. Dereva akifunga 205/60R16, kimo kinafika sentimita 65, ongezeko la asilimia 5. Geji ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 84. Gia zote zimekuwa ndefu zaidi, kwa hiyo gari huondoka taratibu kuliko mwanzo. Rimu kubwa na nzito ni miongoni mwa njia za hakika za kulipunguzia gari dogo nguvu. Spesa za kusogeza magurudumu nje huongeza mzigo kwenye beringi, na nati zikishika nyuzi chache, gurudumu linaweza kung'oka njiani.

Taa za mbele zilizotengenezwa kwa balbu ya halojeni huakisi mwanga kutoka sehemu moja maalumu. Balbu ya LED ya bei rahisi haikai kwenye sehemu hiyo, na mwanga hutawanyika. Anayekuja mbele hupofuka, naye mwenye gari huona mwanga mkali karibu na bampa huku mbele zaidi kukibaki giza.

Nguvu zilizopotea

Gari lenye miaka 15 halina tena nguvu lilizotoka nazo kiwandani. Sehemu ya nguvu hizo haijafa, imezibwa na uchafu, uchakavu na spea zisizofaa. Kuzirudisha ndiko kuongeza nguvu kwa bei rahisi kunakofanya kazi.

Hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kununua. Fundi husoma hitilafu kwa mashine na kupima mgandamizo wa silinda. Silinda zote zinapaswa kukaribiana, na moja ikiwa chini sana, fedha yoyote inayotumika kwenye vitu vya nje inapotea. Dereva naye huandika ulaji wa mafuta kwa kujaza tangi hadi juu, kuendesha kama kawaida, kisha kulijaza tena na kugawa kilomita kwa lita. Bila namba hizi, sikio ndilo linaloamua, na sikio hudanganywa na kelele.

Hatua ya pili ni hewa na moto. Ea klina mpya ya karatasi, kusafisha throto kwa dawa yake, kusafisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, na plagi za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Plagi feki ni nyingi sokoni. Ncha iliyopinda, maandishi yanayofutika kwa kidole na bei ya kushangaza ni dalili za kutosha. Plagi za iridiamu hudumu muda mrefu, lakini haziongezi nguvu kwa injini ambayo plagi zake za zamani bado ni nzima.

Hatua ya tatu ni oili. Injini za Toyota zenye VVT-i hutumia presha ya oili kubadilisha wakati wa kufunguka kwa vali. Oili nzito kuliko iliyoelekezwa huchelewesha kazi hiyo na kuipa injini mzigo. Gari lililoandikiwa 5W-30 halipaswi kuwekewa oili nzito kwa sababu tu ni rahisi. Kwenye gia boksi za CVT jambo hili ni zito zaidi: zina mafuta yake, na haidroliki ya gia boksi ya kawaida huziharibu.

Hatua ya nne ni kuondoa kinacholizuia gari. Magurudumu yainuliwe kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono, gari likiwa limeegemezwa kwenye stendi imara. Gurudumu linalogoma lina breki inayoshika muda wote, na injini imekuwa ikipigana nayo kila siku. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kufuata lebo iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Boksi la spika na vyuma visivyo na kazi vitolewe kwenye buti. Kila kilo 45 za ziada huongeza ulaji wa mafuta kwa takribani asilimia moja.

Kusimama kabla ya kukimbia

Katika lami kavu na matairi mazuri, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji takribani mita 14 kusimama tangu breki iliposhika. Kwenye 100 huhitaji mita 56, mara nne zaidi, kwa sababu mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama huzidi mara nne. Juu ya hapo kuna sekunde moja ya dereva kushtuka na kukanyaga, nayo kwenye 100 hula karibu mita 28 nyingine. Lami ikilowa au tairi likiwa kipara, hesabu hii huharibika vibaya.

Ndiyo maana shilingi ya kwanza inayobaki baada ya matengenezo iende kwenye matairi na breki. Tairi lina tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa limekauka na kupasukapasuka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka yakifika nyuzi 205 au zaidi, lakini yakilowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na yakichemka kwenye mteremko mrefu pedali huzama bila kushika. Kuyabadilisha kila miaka miwili hivi ni gharama ndogo.

Sheria, bima na mahali pa kukimbia

Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na Kenya ina Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Zote zinakataza kuweka barabarani gari lisilo salama. Kadi ya gari huonyesha namba ya injini, kwa hiyo anayebadilisha injini ana wajibu wa kuhakikisha kumbukumbu zimerekebishwa, kwa mamlaka ya mapato (TRA) nchini Tanzania na mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (NTSA) nchini Kenya. Mkataba wa bima hujengwa juu ya taarifa za kweli. Mabadiliko makubwa yaliyofichwa huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali, hata kama mwenye gari alilipia bima kubwa.

Kijana anayependa mwendo ana mahali pake. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, zikarudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 zikiwa na kituo Naivasha, na vilabu vya mbio za magari hukaribisha wanaoanza kwenye viwanja vilivyofungwa, ambako hakuna mtoto anayevuka wala bodaboda inayoibuka. Mafunzo ya udereva yanapatikana pia katika vyuo kama VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Saa chache na mwalimu mzuri hubadilisha uendeshaji kuliko kifaa chochote cha kuchomeka.

Mpangilio wa matumizi, basi, ni huu: kupima, kufanya matengenezo, matairi, breki, mafunzo, na mwisho kabisa nguvu. Kijana atakayeufuata huenda akagundua, akifika hatua ya tatu, kwamba gari lake halikuwa zito. Lilikuwa halijatunzwa.